Waya wa Kompyuta Kazini: Kwa Nini Umesokotwa, na Kwa Nini Mfanyakazi Aujue

Hesabu ya kazi katika viwanda na mashamba inazidi kuhama kutoka katika daftari la kapita na kuingia katika kompyuta. Majani mabichi ya chai yakipimwa, kilo zake huingizwa katika mashine. Mfanyakazi wa zamu akifika langoni, kadi yake au kidole chake husomwa na saa ya umeme. Mifuko ya saruji ikihesabiwa, jumla yake hufika ofisini bila mtu kubeba karatasi. Mara nyingi habari hizo hupita katika waya wa kijivu au wa buluu, mwembamba kuliko kalamu ya risasi, uliopigiliwa ukutani au kufichwa juu ya dari.

Siku hesabu isipopatikana, mfanyakazi huambiwa neno moja tu: "Ni rezo." Neno hilo hufunga mazungumzo, kwa sababu wengi wetu hatujui waya ule unafanya kazi gani wala unaharibika vipi. Makala haya yanaeleza umeundwa namna gani, kwa nini umesokotwa, na unaharibiwa na nini. Mwisho yanaeleza makosa ambayo waya unaweza kulaumiwa nayo na yale usiyoweza. Anayeyajua hayo hatanyamazishwa kwa neno moja. Na fundi wa umeme miongoni mwetu, anayetumwa kuutandaza, ataifanya kazi yake vizuri tangu mara ya kwanza.

NDANI YA WAYA KUNA NINI?

Ukichuna ganda la nje utakuta nyaya ndogo 8 za shaba. Kila mmoja una unene wa nusu milimita hivi na una ganda lake la rangi. Nyaya hizo hazikulala ovyo. Zimepangwa mbili mbili, na kila mbili zimesokotwa pamoja kama kamba. Hivyo ziko jozi 4: jozi ya buluu, ya rangi ya chungwa, ya kijani na ya kahawia. Katika kila jozi waya mmoja una rangi kamili, na mwenzake ni mweupe wenye mstari wa rangi ileile.

Watu wengi hudhani kwamba nyaya zimesokotwa ili zisitawanyike, au ili zisikatike upesi. Sivyo. Msokoto ndio kinga ya habari inayopita ndani. Ukiufungua msokoto, shaba ni ileile na rangi ni zilezile, lakini kinga imekwisha.

KELELE ZA UMEME

Kila mota inayozunguka, kila mashine ya kuchomelea vyuma, na kila waya wa umeme wenye mzigo mkubwa hutoa nguvu isiyoonekana inayoenea pembeni yake. Nguvu hiyo ikiufikia waya mwingine ulio karibu, huzaa ndani yake umeme mdogo ambao haukutumwa na mtu yeyote. Umeme huo mafundi huuita kelele, ingawa hausikiki kwa sikio.

Wilaya yetu ya Rusizi haikosi vyanzo vya kelele hizo. Kiwanda cha saruji kama kile cha CIMERWA kilichopo Muganza, katika bonde la Bugarama, husaga mawe kwa vinu vinavyozungushwa na mota kubwa. Kiwanda cha chai huendesha feni za kunyaushia majani, mashine za kukatia na vikaushio. Karakana huchomelea vyuma mchana kutwa. Zaidi ya hayo, tunakaa katika ukanda wenye radi nyingi. Uchunguzi wa satelaiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mahali panapopigwa na radi nyingi kuliko pote Afrika pako mashariki ya Kongo, kwa jirani zetu.

Tatizo la kelele ni la zamani kuliko kompyuta. Alexander Graham Bell alipata hati ya uvumbuzi wa simu huko Marekani mwaka 1876. Simu za kwanza zilitumia waya mmoja tu, na umeme ulirudi kwa kupitia ardhini. Waya huo mmoja ulidaka kelele za kila waya wa telegrafu na wa simu uliopita jirani. Mwaka 1881 Bell alipewa hati nyingine, ya kutumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Miaka iliyofuata, tramu za umeme zilipoenea mijini, kelele zilizidi, na makampuni ya simu yakalazimika kuacha waya mmoja na kutumia mbili. Kwenye nguzo za simu, nyaya mbili zilipishanishwa kila baada ya nguzo kadhaa, wa kulia ukahamia kushoto na wa kushoto kulia. Huo nao ni msokoto, ila ni mrefu.

MSOKOTO UNASHINDAJE KELELE?

Hapa ndipo penye siri yote, nayo si ngumu.

Kompyuta haitumi habari kwa waya mmoja. Hutuma kwa jozi, na nyaya mbili za jozi hubeba umeme uliopingana. Mmoja ukipanda, mwenzake hushuka kwa kiasi kilekile. Kompyuta inayopokea haisomi waya mmoja mmoja. Husoma tofauti iliyopo kati ya nyaya mbili.

Tuchukue mfano wa hesabu. Waya wa kwanza una volti 1 juu ya sufuri, na wa pili una volti 1 chini ya sufuri. Tofauti yake ni 2. Sasa mota iliyo jirani inawashwa, na kelele yake inaongeza volti 3 katika kila waya. Wa kwanza unakuwa na 4, na wa pili unakuwa na 2. Tofauti yake ni ngapi? Ni 2 vilevile. Kelele imeingia katika nyaya zote mbili, lakini habari haikuguswa.

Ni kama mizani ya sahani mbili iliyoachwa mvuani. Maji yakijaa sawasawa katika sahani zote mbili, mkono wa mizani haulali upande wowote. Kinachoonekana ni uzito wa mzigo peke yake.

Lakini hesabu hii inakubali kwa sharti moja: kelele iingie sawasawa katika nyaya zote mbili. Zikilazwa sambamba bila kusokotwa, waya mmoja utakuwa karibu na mota mwanzo hadi mwisho, na mwenzake utakuwa mbali kidogo. Wa karibu utadaka kelele nyingi zaidi. Mmoja ukipata 3 na mwingine ukapata 2, tofauti si ile iliyotumwa tena. Ndiyo maana nyaya husokotwa. Kila baada ya sentimita moja au mbili zinabadilishana zamu: huu unakaa karibu na adui, kisha ule. Mwisho wa safari zote mbili zimepata sehemu iliyo sawa.

Ukitazama vizuri utaona tena kwamba jozi 4 hazikusokotwa kwa kiasi kimoja. Ipo iliyobanwa zaidi na ipo iliyolegea kidogo. Hilo limefanywa kwa makusudi, ili jozi moja isiimwagie mwenzake kelele. Kama zote zingesokotwa sawa, waya uleule wa jozi moja ungekutana na waya uleule wa jozi ya pili njia nzima.

KASI NA DARAJA ZA WAYA

Mwaka 1990 ulitolewa utaratibu wa kimataifa wa kuunganisha kompyuta kwa jozi zilizosokotwa, kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde. Mwaka 1995 kasi ilifika 100, mwaka 1999 ikafika 1,000, na mwaka 2006 ikafika 10,000. Kadiri kasi ilivyopanda, ndivyo msokoto ulivyohitaji kuwa wa uangalifu zaidi.

Kwa hiyo nyaya zimegawanywa katika daraja, na daraja huandikwa kwenye ganda la nje. Daraja ya 5e hupimwa hadi megahezi 100. Daraja ya 6 hupimwa hadi 250, na 6A hadi 500. Kwa mizani, saa za langoni na ofisi za kawaida, 5e iliyotandazwa vizuri inatosha. Daraja ya 6 iliyotandazwa vibaya hushindwa na 5e iliyotandazwa vizuri. Mkono wa fundi unashinda maandishi ya ganda.

MAKOSA YANAYOUA WAYA

Kwanza, kufungua msokoto mrefu mno. Fundi anapotia kile kichwa cha plastiki chenye meno 8, hulazimika kuzinyoosha nyaya. Zisinyooshwe zaidi ya milimita 13, yaani chini ya upana wa kidole gumba. Wapo wanaofungua sentimita 5 ili wapate nafasi ya vidole. Hapo penye sentimita 5 ndipo kelele inapoingilia.

Pili, kupanga rangi kwa macho. Kosa hili ni baya kuliko yote kwa sababu linajificha. Mtu huona ni vyema kuweka jozi kando ya jozi: jino la 1 na la 2, la 3 na la 4, la 5 na la 6, la 7 na la 8. Lakini mashine hutumia jino la 3 pamoja na la 6. Kwa mpango huo, waya wa 3 na wa 6 hautoki katika jozi moja, na habari inapita katika nyaya mbili zisizosokotwa pamoja. Kifaa kidogo cha kupimia kitawasha taa zote 8, kwa sababu shaba imeunganika pande zote mbili. Fundi atasema kazi imekwisha. Kisha mota zikiwashwa, mtandao unaanza kukwama. Mpango unaotumika sana ni huu, tangu jino la 1 hadi la 8: mweupe wa chungwa, chungwa, mweupe wa kijani, buluu, mweupe wa buluu, kijani, mweupe wa kahawia, kahawia. Upangwe hivyo hivyo pande zote mbili.

Tatu, kupitisha waya wa kompyuta katika bomba moja na waya wa umeme wa volti 230. Jambo hili ni la hatari kuliko kelele. Ganda la waya wa umeme likichubuka, umeme utafika hadi kwenye meza ya karani. Nyaya hizo zitenganishwe kwa sentimita 20 au zaidi, na zikae mbali zaidi zinapopita karibu na mota kubwa. Zikilazimika kukutana, zikatize kama msalaba, zisiende sambamba.

Nne, kukunja kwa nguvu na kubana kwa misumari. Kona ya waya isiwe kali kuliko mdomo wa glasi ya chai. Waya uliopigwa nyundo hadi ukabonyea umeharibika msokoto wake, hata kama ganda halikupasuka.

Tano, kununua waya wa bei rahisi ambao si shaba tupu. Madukani, iwe Kamembe au ng'ambo ya mpaka, zipo nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu. Kwarua waya mdogo kwa kisu: ndani ukionekana mweupe, si shaba. Waya huo hukatika upesi unapokunjwa, hupoteza nguvu ya habari, na hupata moto unapotumiwa kupeleka umeme wa kuendeshea kamera au saa ya langoni. Taratibu za kimataifa za waya wa daraja haziukubali.

Sita, kusahau mahali. Bugarama ni bonde la chini na la joto, na penye kiwanda cha saruji vumbi halikosekani. Kiwanda cha chai kina unyevu. Vumbi na unyevu huingia katika meno ya kichwa cha plastiki na kuyala. Waya wa ndani ukitandazwa nje juani, ganda lake hukauka na kupasuka. Nje utumiwe waya uliotengenezwa kwa ajili ya nje, na vichwa vikae ndani ya kisanduku kilichofungwa.

UREFU NA RADI

Waya wa namna hii una mwisho wa safari: mita 100, kutoka mashine hadi mashine. Katika hizo, mita 90 ni za waya uliotandazwa ukutani, na mita 10 ni za vipande vya kuunganishia pande mbili. Ukipita hapo, habari hufika imechoka. Banda la kupimia majani likiwa mita 150 kutoka ofisini, waya mmoja hautoshi, hata ukiwa wa bei gani. Ama pawekwe katikati kisanduku cha kugawia mtandao, ambacho mafundi hukiita swichi, ama zitumiwe nyuzi za kioo.

Nyuzi za kioo hubeba mwanga badala ya umeme. Ndizo zinazounganisha miji ya Rwanda na kufika hadi kwenye nyaya za baharini. Hazisikii kelele za mota, na kioo hakipitishi radi. Kwa hiyo, kati ya jengo na jengo inafaa zitumiwe nyuzi za kioo hata kama umbali haufiki mita 100. Waya wa shaba uliotundikwa kutoka banda moja hadi jingine unaweza kuleta umeme wa radi ndani ya ofisi. Na mvua ya radi ikianza, mfanyakazi asikubali kupanda ngazi au kushika nyaya za nje. Sheria ya kazi ya Rwanda namba 66 ya mwaka 2018 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama na afya kazini.

"NI REZO": KWELI AU SINGIZIO?

Sasa tufike kwenye jambo linalogusa mshahara.

Kompyuta haitumi habari kama maji ya bomba. Huigawa katika vifurushi, na mwisho wa kila kifurushi huandika namba ya ukaguzi inayotokana na yote yaliyomo. Upande wa pili hupiga hesabu ileile. Namba zisipolingana, kifurushi hutupwa. Ni kama lori la saruji linalofika langoni na hati yake: mifuko isipolingana na hati, mzigo haupokewi. Programu iliyotengenezwa vizuri, isipopata jibu kwamba kifurushi kimefika, hukituma tena.

Maana yake ni hii: waya mbaya huchelewesha habari, au huizuia isifike kabisa. Kwa kawaida hauwezi kugeuza kilo 48 kuwa kilo 38. Namba iliyoharibika njiani hutupwa, haiandikwi.

Kwa hiyo, ukiambiwa "Ni rezo", uliza kwanza: namba yangu imekosekana, au imebadilika? Ikiwa siku nzima haipo, waya unaweza kuwa na kosa. Ikiwa namba ipo lakini ni ndogo kuliko ile uliyoiona, sababu itafutwe kwingine: katika mizani, katika vidole vya aliyeandika, au katika programu ya hesabu.

Lakini tuwe waangalifu. Waya unaotoka katika chombo cha kupimia kwenda kwenye kioo cha mizani si waya wa mtandao. Unabeba umeme mdogo sana usio na namba ya ukaguzi, na kelele au unyevu vinaweza kuipotosha namba hapo. Ndiyo sababu zinahitajika namba tatu za kulinganisha: ile ya kwenye kioo cha mizani, ile ya kwenye karatasi uliyopewa, na ile iliyoko ofisini. Kioo kikiyumba mota inapowashwa, kosa liko kwenye mizani. Kioo na karatasi vikikubaliana na ofisi ikakataa, kosa liko mbele ya mizani, na karatasi yako ndiyo shahidi.

TUFANYE NINI?

Ndugu wafanyakazi, elimu hii iwe na matunda. Wajumbe wetu wanapokutana na uongozi wa kiwanda au shamba, inafaa waulize mambo haya:

1. Kila anayepimiwa mazao apewe karatasi palepale, hata kama kompyuta ipo.

2. Mizani na saa za langoni ziwe na uwezo wa kutunza hesabu ndani yake mpaka ofisi ithibitishe kuipokea, ili mtandao ukikatika hesabu isipotee.

3. Pawe na daftari la kuandika siku na saa ambayo mtandao ulikatika. Pasipo daftari, kila kosa litawekwa juu ya rezo.

4. Waya mpya upimwe mota zikiwa zinazunguka, si siku ya Jumapili kiwanda kikiwa kimezimwa. Na upimwe kwa chombo kinachopima jozi na kelele, si kwa kile cha kuwasha taa 8 tu.

5. Mafundi wa umeme wa kiwanda wafundishwe kazi hii na wapewe koleo na vipimo vinavyofaa. Fundi asiyefundishwa asibebeshwe lawama ya mtandao usiofanya kazi.

Siku nyingine ukipita chini ya waya ule wa kijivu, utazame. Angalia kama umelazwa juu ya waya wa umeme, kama umebanwa na msumari, kama kichwa chake kimejaa vumbi. Ukiona kosa, mwambie mjumbe wako na fundi kabla ya siku ya mshahara, si baada yake.